Wakuu, gololi za rangi zinapasukia ndani ya mtutu. Ninunue mtutu upi?

Mwana wa Isevya
Habari za jioni wakuu. Nipo Tabora mjini. Nina bunduki nne za pentiboli, ule mchezo wa kulengana kwa gololi zenye rangi ndani, aina ya Tippmann 98, na nimeandaa uwanja kwenye shamba la maembe la mjomba. Tatizo ni kwamba nikipiga gololi kumi, tatu au nne zinapasukia ndani ya mtutu, na zinazotoka zinakwenda kombo. Kuna muuzaji yupo Dar ana mtutu wa inchi 14, tundu lake inchi 0.684, kwa laki moja na sitini. Ana na seti ya mirija ya kubadilisha ndani ya mtutu, matundu kuanzia 0.679 hadi 0.693, laki nne na ishirini. Mimi naona huo wa kwanza unatosha, maana ni mrefu, utafikisha mbali. Naombeni ushauri wa haraka, usingizi sina siku ya pili leo.

Mzaramo wa Gerezani
Mnyamwezi na bunduki wapi na wapi? Watani zangu nyie rudini kwenye asali.

Fundi Kereza
Mtoa mada, urefu haufikishi mbali. Gesi inaisukuma gololi kwenye inchi nane hivi za mwanzo, zinazobaki ni msuguano tu. Umbali unaletwa na mwendo, na mwendo una kikomo chake: viwanja vingi havizidishi futi 300 kwa sekunde, kwa usalama wa watu.
Cha muhimu ni tundu kuendana na gololi. Fungua mtutu utoe kabisa kwenye bunduki, usijaribu ukiwa umefungwa. Tia gololi kwa nyuma. Ikidondoka yenyewe, tundu ni kubwa. Ukipuliza kwa nguvu isitoke, tundu ni dogo. Ikikaa, halafu ukaipuliza kidogo ikatoka, hapo umepata. Zako umezipima?

Mwana wa Isevya
Boksi limeandikwa 0.68, mkuu.

Fundi Kereza
Hilo ni jina la ukoo tu. Ganda lake ni jelatini, inanyonya unyevu na kuvimba. Boksi moja unaweza kukuta 0.680, lingine 0.690. Ndiyo maana kuna watu wananunua seti ya mirija. Umezinunua lini na umezihifadhi wapi?

Mama Kasulu
Mwanangu, nisamehe nitoke nje ya swali. Mimi naishi Kasulu. Huku kuna watoto waliokimbia vita, Burundi na Kongo. Mmoja alikuwa anacheza na wanangu, pikipiki ikipiga mlio wa kupasuka anaingia chini ya kitanda, na hatoki mpaka umwimbie. Siwezi kuona bunduki ni mchezo, hata iwe ya rangi. Fikiria na majirani wa hilo shamba.

Bwana Miti
Mama, shikamoo. Nakuelewa kabisa. Ila hizi bunduki hazikuanzia vitani, zilianzia kwetu sisi watu wa misitu. Zilitengenezwa kupigia alama miti na ng'ombe. Mchezo wa kwanza ulichezwa 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani, watu 12 porini, kila mmoja anatafuta bendera. Aliyeshinda alikuwa mtu wa misitu, na hakupiga hata gololi moja. Alinyata tu mti kwa mti akazikusanya zote. Mimi nimefanya kazi Sikonge miaka mingi, nimepaka alama miti kwa brashi na kopo, na ninajua kwa nini alishinda. Kwenye miombo anayetulia ndiye anayeona.

Fundi Kereza
Mtoa mada bado hajajibu. Lini na wapi?

Mwana wa Isevya
Mwezi wa tatu. Zipo stoo.

Fundi Kereza
Stoo ya namna gani?

Mwana wa Isevya
Ya bati. Lakini maboksi hayajafunguliwa, isipokuwa moja. Nami nilizipata kwa bei nzuri, maboksi manne, gololi elfu nane, siwezi kuzitupa. Halafu muuzaji wa mtutu nimeshamtumia elfu themanini ya kishika nafasi. Jumamosi nina vijana ishirini wa kwaya, wameshalipa. Kwa hiyo swali langu lipo palepale, 0.684 au seti?

Kanyenye Juu
Hii chai. Mwezi wa tatu mpaka leo mwezi wa kumi, stoo ya bati, kwa jua hili la Tabora? Na mimi nimezaliwa hapa, sijawahi kusikia uwanja wa pentiboli. Watu wanatunga visa wapate wachangiaji. Weka picha.

Binti Urambo
Hata mimi nimeanza kutilia shaka. Ila kama ni kweli, hao vijana wana kinga za macho?

Mwana wa Isevya
Kinga ninazo ishirini na nne, zinafunika uso mzima na masikio, hilo sikulifanyia mchezo. Picha siweki kwa sababu shamba si langu na mjomba hataki. Lakini niambieni kipimo chochote, nitakifanya sasa hivi.

Fundi Kereza
Sawa. Tafuta venia, kile kifaa cha kupimia unene. Chukua gololi moja, ipime, kisha izungushe robo uipime tena. Fanya hivyo kwa ishirini.

Mwana wa Isevya
Nimetoka kwa fundi chuma sasa hivi. Ya kwanza 0.692, nikaizungusha 0.678. Ya pili 0.695 na 0.681. Kati ya ishirini, tatu tu zimekaribiana pande zote. Nyingi zina ubapa upande mmoja, na ukiibonyeza inabonyea kama embe bovu.

Fundi Kereza
Zilinyonya unyevu wa masika, zikalainika, zikalaliana miezi saba bila kugeuzwa, na joto juu yake. Mtutu wowote utakaonunua utakuwa mdogo upande mmoja na mkubwa upande wa pili. Hata ile seti haina mrija wa gololi bapa.

Kanyenye Juu
Naomba radhi ndugu. Namba kama hizo mtu hawezi kuzitunga.

Mwana wa Isevya
Nikichambua zote elfu nane si nitapata hata elfu moja nzuri?

Binti Urambo
Kwa hizo tatu kati ya ishirini, itafika. Nipo mjini mpaka Ijumaa, nikija na mdogo wangu tutakusaidia kuchambua. Ila mpigie muuzaji leo, umwombe hiyo elfu themanini aikate kwenye gololi mpya badala ya mtutu.

Mwana wa Isevya
Nimempigia mara mbili, hajapokea. Njooni kesho saa nne, venia nimeiazima mpaka Alhamisi.