Besiboli inawapa nini jamani?

Niko Chicago, mzee jirani yangu anasikiliza Cubs, timu ya besiboli ya hapa, redioni kila siku, wakifungwa anasema tu "kesho wanacheza tena". Nyie mnapata nini humo?

Jibu 1: Kaka, msimu ni mechi 162, hata kulia huna muda. Mpigaji akifanikiwa mara 3 kati ya 10 ni staa, mi nilifeli leseni ya udereva mara mbili na hiyo ndo ilinirudisha kujaribu tena.

Jibu 2: Muulize kuhusu 2016. Cubs tangu 1908 bila ubingwa, watu wamezeeka wamezikwa wanasubiri, gemu ya 7 ya fainali kule Cleveland wakasawazishiwa, mvua ikasimamisha mechi dakika 17, wakarudi wakashinda 8-7. Watu wakaandika majina ya marehemu wao kwa chaki ukutani Wrigley, uwanja wa Cubs, nililia sana.

Muuliza: Asanteni, leo jioni nakaa naye.