Tupeane uzoefu: mnajuaje kipindi cha TV kinamfaa mtoto wa chekechea?

Mama T, Ujiji: Wakuu habari za mchana. Wa kwangu ana miaka mitatu na nusu, TV ikiwashwa ni katuni tu. Shangazi yake anasema zote sawa mradi zina namba na herufi. Sikubali. Nyie mnapima vipi? Leteni mliyoyaona nyumbani kwenu, ya kusikia hapana.

Baba Wawili, Gungu: Mara ya kwanza nakaa naye, TV naiacha, namwangalia yeye. Kipindi kikiuliza swali kikamsubiri, anajibu? Akili and Me, ile katuni ya Kitanzania, anaijibu mpaka jirani anasikia. Akili mwenyewe ana miaka minne na anaongea Kiswahili, kwa hiyo ni mwenzake. Zile za kukimbizana na kupigana nyundo, mdomo wazi, ukimwita haitiki. Zima uone kilio.

Ticha wa Awali: Hilo la kasi lilishapimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichukua watoto 60 wa miaka minne: wengine wakaonyeshwa katuni ya mbio dakika 9, wengine kipindi cha elimu cha taratibu, wengine wakachora. Walipopimwa papo hapo, wale wa katuni ya mbio walishindwa zaidi kujizuia na kufuata maelekezo. Ni athari ya muda huohuo, hakuna aliyesema mtoto kaharibika, tusitishane. Kinachonisumbua mimi darasani ni kingine. Mtoto anaimba A mpaka Z bila kukosea, ukimwandikia B peke yake ubaoni anakutazama tu. Kipindi kinachofaa kinakaa na herufi moja, kinairudia kwa sura tofauti.

Kwa Bibi, Kasulu: Hapa bibi ndiye anatazama naye. Tembo akitokea, bibi anampa jina la Kiha na kisa cha tembo kula mahindi ya babu. Kipindi kinaisha, mazungumzo yanaendelea. Hata kipindi cha wastani kinapona hapo.

Mwana Maji: Mpeni mpira akacheze nje 😂

Kibirizi Mwaloni: Mimi kipindi sina ugomvi nacho, ugomvi ni tangazo. Katikati ya katuni linaingia la kubeti, mtoto kashika wimbo wote! Nikahamia flashi. Nikajaziwa sokoni Mwanga, kumbe kati ya katuni wamechomeka muvi za ngumi. Sasa nafungua faili moja moja akiwa kalala.

Mama T, Ujiji: Ticha shikamoo. Na mdogo wake wa mwaka mmoja, naye akae hapohapo?

Ticha wa Awali: Marahaba. Huyo bado. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilisema wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya TV kabisa, na kuanzia miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi.

Mama T, Ujiji: Ahsante. Kibirizi, hiyo flashi iliyokaguliwa naazima. Yangu ni GB 8, vitaenea?

Kibirizi Mwaloni: Vinaenea. Ila za ngumi nimezihamishia kwenye yangu, usiniulize.