Shule zimefungwa: niwapeleke watoto kwa nyanya yao au nikae nao Nairobi?

Fundi wa Kariobangi (Jumatatu, 16 Machi 2020)

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kariobangi, na kazi yangu kubwa ni kushona sare za shule. Jana Rais alipotangaza kwamba shule zifungwe kwa sababu ya virusi vya korona, nilipoteza wateja na papo hapo nikabaki na watoto watatu kutwa nzima, katika chumba kimoja ambacho nusu yake imeshikwa na cherehani na vitambaa. Kwa kawaida, shule zikifungwa, watoto hupanda basi kwenda kwa mama yangu huko Mwingi. Majirani wawili katika ploti yetu wameshafunga mizigo ya wanao.

Kinachonizuia ni hesabu ndogo. Mgonjwa wa kwanza aliyetangazwa Ijumaa aliwasili nchini tarehe 5 kutoka Marekani kupitia London, na vipimo vikathibitisha ugonjwa tarehe 12. Hizo ni siku saba. Nitajuaje basi kwamba kifungua mimba wangu, ambaye wiki jana alikuwa amebanana darasani na wenzake zaidi ya sitini, hana kitu? Mama ana miaka 74 na ana shinikizo la damu. Naomba ushauri wa mtu anayejua, wala si picha za limau na tangawizi, kwa maana hizo nimeshatumiwa za kutosha.

Muuguzi Mstaafu

Dada Fundi, hesabu yako ni sahihi, na ningependa majirani zako waisikie kabla ya basi kuondoka. Dalili zinaweza kuchukua kati ya siku 2 na 14 kujitokeza, na taarifa zilizotoka China zinaonyesha kwamba watoto wengi huugua kidogo tu, ilhali wazee, hasa wenye shinikizo la damu au kisukari, ndio wanaolemewa. Mtoto kucheza na kucheka si cheti cha kuonyesha kwamba yu salama. Hata ukimweka ndani siku 14 kabla ya safari, basi lenyewe litakurudisha kwenye siku ya kwanza, kwa kuwa hujui atakayeketi kando yake. Kaa nao, mnawe mikono kwa sabuni mara kwa mara.

Mama Mboga wa Dandora

Kwa heshima zote, Muuguzi, huo ni ushauri wa mtu mwenye mfereji ndani ya nyumba. Sisi huku tunatumia choo kimoja nyumba kumi na mbili, maji yanakuja mara mbili kwa wiki yakitaka, na siku nyingine zote tunanunua kwa mtungi. Unaponiambia nikae na watoto ndani, ndani ni wapi? Wataamkia koridoni pamoja na watoto wa ploti nzima, na mimi nitakuwa sokoni tangu alfajiri, maana nisipouza hatuli. Kule mashambani angalau kuna uwanja na hewa. Simpingi Fundi kuhusu mama yake, ila tusiwahukumu wanaosafirisha watoto kana kwamba hawana akili.

Muuguzi Mstaafu

Umesema kweli, mama, nami nakubali kwamba niliandika haraka. Kuhusu maji, tengenezeni kibuyu chirizi: chukueni mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano, mtoboe tundu karibu na chini, mzibe kwa kijiti, kisha muutundike mlangoni pa ploti, watu kumi watanawa kwa maji ambayo beseni lingemalizwa na wawili. Sabuni ya kipande inatosha kabisa, kwa sababu kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta na sabuni huuvunja. Msihangaike na vile vichupa vya kutakasa mikono ambavyo bei yake imepanda kupita kiasi.

Utingo wa Thika Road (Jumamosi, 21 Machi)

Nimechelewa kuuona mjadala huu, lakini niseme nilichokiona kazini. Wiki nzima magari ya kwenda mashambani yamejaa watoto, wengine wamepakatwa. Tangu jana tumeamriwa kwamba gari la viti 14 libebe abiria 8, kwa hiyo nauli imepanda, na abiria wananilaumu mimi kana kwamba ndimi niliyeketi Wizara ya Afya. Na msisahau noti. Kwa siku moja napokea noti kutoka mikono mia na zaidi, halafu mikono hiyo hiyo natumia kumshika mtoto asianguke akishuka.

Fundi wa Kariobangi

Ahsanteni nyote. Hatukusafiri. Nilimpigia mama simu nikiogopa kwamba ataona namnyima wajukuu, lakini yeye alikuwa amekwisha kusikiliza redio kunizidi. Akaniambia, “Nzige wa Januari tuliwafukuza kwa kupiga madebe kwa sababu tuliwaona wakija. Huyu mdudu wenu, nitampigia debe nikimwona wapi?” Nimemtumia shilingi 800 za kumlipa kijana wa kumchotea maji, na kwa kuwa sasa kutuma pesa zisizozidi 1,000 kwa M-Pesa hakuna makato, zimefika zote.

Mama Mboga, watoto wa koridoni bado wananishinda, hilo sikufichi. Nimewawekea saa za kutoka kwa zamu, na zamu hizo zilidumu siku moja na nusu.

Muuguzi, nina swali la mwisho. Kibuyu chirizi nilikitoboa kwa msumari wa inchi nne uliochomwa motoni, na sasa maji yanamwagika kama bomba lililopasuka. Lita tano zimeisha kabla mtoto wa tatu hajapata povu. Nitumie msumari wa ukubwa gani?