Springla za mapambo: nani anayapitisha majengo haya?

Wakuu, imetosha sasa. Mtu anapandisha ghorofa 12 Kariakoo, chini maduka, juu makazi, anabandika springla (vinyunyizio vya maji vya kuzima moto) dari nzima, kisha anawaambia wapangaji jengo lina kinga ya moto. Nyuma ya springla hizo hakuna maji!

Tuanze na tangi. Kwa maduka, kanuni ya Ulaya EN 12845 inataka milimita 5 za maji kila dakika juu ya mita za mraba 216, kwa saa nzima. Pigeni hesabu: lita 1,080 kwa dakika, akiba ya lita 64,800 isiyoguswa kwa kazi nyingine. Kinachowekwa ni simtanki mbili za lita 5,000, na humo humo vyoo vinakunywa. Hata zikiwa zimejaa pomoni, dakika 10 hazifiki.

Pampu nayo ni ile ile ya kupandisha maji ya kuoga. Ghorofa ya 12 iko kama mita 36 juu; kimo peke yake kinakula presha ya baa 3.6 kabla hujagusa msuguano wa mabomba. Na umeme wake wanauunga baada ya swichi kuu, kwa hiyo siku ya moto zimamoto wakikata umeme wa jengo, pampu inazimika nao. Waya wa pampu ya moto unatakiwa kuchukuliwa kabla ya swichi kuu, kwenye njia yake yenyewe, na pembeni pakae pampu ya dizeli.

Fundi rangi anapita na brashi juu ya vichupa vyekundu vya springla vinavyotakiwa kupasuka joto likifika nyuzi 68. Springla iliyopakwa rangi haisafishwi kwa tina, inang'olewa na kuwekwa mpya. Wenye maduka nao wanapanga mabelo ya vitenge mpaka darini, wakati maji yanahitaji angalau nusu mita ya uwazi ili yasambae.

Ila kinachoudhi kupita yote ni valvu kuu, ile inayoruhusu maji kuingia kwenye mabomba ya springla. Mabomba yalitakiwa kupimwa kwa maji, angalau baa 15 kwa saa 2, kabla dari haijafunikwa. Hawapimi. Kiungio kikianza kudondosha maji dukani kwa mtu, hawafungui dari kukitengeneza, wanafunga valvu na kuondoka. Inabaki hivyo miaka! Valvu hiyo inatakiwa kukaa wazi muda wote, imetiwa mnyororo na kufuli.

Mkaguzi anayesaini cheti bila kuona maji yakitoka anakagua nini hasa? Na ninyi wapangaji, kabla ya kutoa kodi ya mwaka, mwambieni mwenye jengo afungue koki ya majaribio iliyo mwisho wa bomba, ghorofa ya juu kabisa, mbele ya macho yenu. Kengele ilie, pampu kubwa iwake yenyewe, na isizime mpaka mtu aizime kwa mkono. Akisema ufunguo wa chumba cha pampu hauonekani, msilipe.