Mjadala: Mdhamini wa kitaaluma kwa anayeomba shule ya udaktari Marekani awe mwenye cheo, au aliyemwona akifanya kazi?

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninafundisha maabara ya kemia katika chuo kikuu kimoja hapa Marekani, na kila mwaka inapokaribia miezi ya maombi hunijia wazazi wenzangu wa Afrika Mashariki na swali lilelile: kijana wetu anataka kuomba shule ya udaktari, je, barua ya mapendekezo aiombe kwa nani? Wengi huja na jibu lao tayari. Wamesikia habari za mkuu fulani wa idara, au wanamfahamu daktari bingwa wanayesali naye, na wanachotaka kwangu ni nimfikishe kijana kwa mtu huyo. Naleta suala hili hapa kwa sababu naamini tunawapunguzia watoto wetu nafasi, na tunafanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Sisi tuliosoma nyumbani hatukuhitaji barua ya namna hii. Tanzania, njia ya kwenda udaktari ni matokeo ya kidato cha sita katika fizikia, kemia na baiolojia. Kenya, ni alama za KCSE. Mdhamini tulikutana naye baadaye, kwenye matangazo ya kazi yanayodai majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na nadhani neno lenyewe ndilo lililotupotosha. Mdhamini masikioni mwetu ni yule anayekwenda mahakamani kukuwekea dhamana, au anayekusainia mkopo benki, kwa hiyo sharti awe mtu mzito, mwenye mali au cheo cha kuweka rehani. Barua ya shule ya udaktari haina kazi hiyo. Anayeiandika ni shahidi, na shahidi huulizwa alichokiona.

Jumuiya ya vyuo vya udaktari ya Marekani, AAMC, imetoa mwongozo kwa waandishi wa barua hizi. Inawataka waeleze wamemfahamu mwombaji kwa muda gani na katika nafasi ipi, waseme kama wanayoyaeleza waliyaona wenyewe, na watoe tathmini ya kweli badala ya kumpigia debe. Mtu mashuhuri aliyempa kijana mkono mara moja kwenye sherehe atajibu nini hapo? Ataandika kwamba anatoka familia nzuri na ana bidii, na msomaji ataelewa mara moja kwamba mwandishi hamjui. Ndiyo maana nasema aombwe aliyemfundisha na kusahihisha kazi zake, hata kama jina lake halijulikani nje ya jengo lake. Karibuni.

Mama wa mwombaji, Columbus

Mwalimu, nakushukuru, lakini kwa heshima zote napinga. Binti yangu alisoma baiolojia katika ukumbi wa wanafunzi karibu 300. Alipata A, na mhadhiri wake hamjui hata kwa sura. Unaposema aende kwa aliyemwona, unamtuma kwa nani? Saa ambazo wenzake walikuwa ofisini kwa maprofesa wakiuliza maswali, yeye alikuwa amelala, kwa kuwa usiku kucha alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa ili tulipe kodi ya nyumba. Kama barua ni ushahidi, basi mashahidi wanapatikana kwa mwenye muda wa kuonekana, na muda huo hununuliwa kwa fedha za wazazi.

Wewe unaita kosa letu kutafuta jina kubwa. Mimi naona ni njia pekee tuliyoachiwa, kwa sababu msomaji wa barua ni binadamu, na akikuta jina analoliheshimu atasoma kwa utulivu zaidi. Kwa nini barua hizi zisifutwe kabisa, mtoto apimwe kwa alama kama tulivyopimwa sisi?

Mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa 2

Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Nimepita njia hii hivi karibuni, na nilianza kwa kufuata ushauri kama wako, mama. Nilimwendea mtafiti mmoja mwenye jina kubwa, ambaye nilikuwa nimehudhuria mihadhara yake miwili. Alinijibu kwa upole kwamba niandike barua mwenyewe, yeye atasaini. Nilifurahi, nikakaa usiku mzima nikijisifu kwa jina la mtu mwingine. Asubuhi nilipoisoma nikaona haina tukio hata moja ambalo yeye alikuwapo. Sikumpelekea. Najua desturi hiyo ipo hata vyuoni kwetu nyumbani, tena wapo wanaoiona kuwa msaada kwa mwanafunzi, lakini mimi naihesabu kuwa uongo, na anayeubeba ni kijana, wala si profesa.

Niliyemwendea baadaye alikuwa msaidizi wa maabara ya kemia ya kaboni (organic chemistry). Mwanzoni nilisita, kwa kuwa shule kadhaa hutaka barua ya sayansi isainiwe na mhadhiri wa kozi. Kumbe lipo suluhisho linalokubalika mahali pengi: msaidizi anaandika aliyoyaona, kisha mhadhiri anaongeza yake na wote wawili wanasaini. Sijui iliandikwa nini, kwa sababu niliacha haki yangu ya kuisoma. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za elimu inampa mwanafunzi haki ya kuona barua kama hizo, na pia inamruhusu kuiacha. Nashauri iachwe. Msomaji huiamini zaidi barua ambayo mwandishi wake hakuwa na wasiwasi wa kukutana na macho ya aliyeandikwa. Kama unahofia atakachoandika, basi umekosea kumchagua.

Mama, kuhusu zile kazi za usiku, mfumo wa maombi wa AMCAS hupokea hadi barua 10, ingawa kila shule ina idadi na aina inazotaka, na nyingi hudai mbili za walimu wa sayansi. Barua ya muuguzi anayemsimamia binti yako haiwezi kuchukua nafasi ya hizo mbili, lakini inaweza kukaa pembeni yake. Mtu aliyemwona akimgeuza mgonjwa kitandani saa tisa za usiku anajua jambo ambalo hakuna mhadhiri wa baiolojia anayelijua.

Mchangiaji kutoka Uingereza

Niongeze kidogo kutoka huku, maana naona mama ana hoja. Kwetu mwombaji hupeleka maelezo ya mdhamini mmoja tu kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya huku, kwa kawaida ni shule yake, na ndugu wa familia haruhusiwi kuandika. Kwa wanaoanza masomo tangu mwaka 2024, maelezo hayo yamegawanywa sehemu tatu: hali ya shule yenyewe, matatizo yaliyoathiri masomo ya mwombaji, na mambo mengine yanayomhusu. Sifa nyingi zimepungua, na mtoto aliyesoma huku akifanya kazi ana mahali pa kuelezewa. Lakini mwalimu yuleyule bado ndiye anayekadiria alama zitakazopatikana, kwa hiyo msiseme tumeuondoa mkono wake.

Mleta mada

Mama, umenirudisha nyuma katika jambo moja, na nakubali. Niliandika kana kwamba kila kijana ana shahidi anayemngoja, nikasahau anayefika darasani akitoka zamu. Tena barua zenyewe hazina usawa hata zinapoandikwa na wanaomfahamu mtu: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu barua zaidi ya 300 za waombaji wa nafasi za ualimu katika shule moja ya udaktari Marekani ulikuta kwamba za wanawake zilikuwa fupi zaidi, na mara nyingi zaidi zilibeba maneno ya kutia shaka. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba mfumo huu ni wa haki.

Kuzifuta siafiki, kwa sababu alama pekee hazingesema lolote kuhusu usiku wa binti yako katika nyumba ile ya wagonjwa, na usiku huo ndio ninaoona una thamani kubwa kuliko jina la mkuu wa idara. Lakini aanze sasa, asingoje Mei maombi yanapofunguliwa. Ampelekee mwalimu atakayemchagua matokeo yake, kazi aliyoisahihisha na maelezo mafupi ya zamu zake, kisha amuulize waziwazi: je, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu? Akisitasita, amshukuru na aende kwa mwingine, maana kusitasita huko kutajitokeza katika barua.

Ukumbi ulikuwa na watu 300, lakini kozi za baiolojia kwa kawaida huwa na kikundi kidogo cha maabara. Binti yako alisimamiwa na nani huko?