Polisi wa kaunti za Uingereza walianzaje kushika silaha?

Mdadisi: Ndugu wanajukwaa, karibu kila maelezo ninayosoma kuhusu polisi wa Uingereza na silaha yanahusu London: askari watatu waliouawa Houndsditch mwaka 1910, mapambano ya Sidney Street mwezi uliofuata, kisha askari watatu waliouawa Shepherd's Bush mwaka 1966. Je, huko kwenye kaunti nani aliruhusu bastola zitolewe, na nani aliwafunza askari kuzitumia?

Msomaji wa Historia: Ndugu Mdadisi, kumbuka kwanza kwamba Uingereza haikuwa na jeshi moja la polisi la taifa. Sheria ya mwaka 1856 ililazimisha kila kaunti kuwa na polisi, kama manispaa zilivyokuwa zimelazimishwa tangu mwaka 1835, lakini vikosi vilibaki vya wenyeji, na suala la silaha likabaki mikononi mwa mkuu wa kila kikosi. Askari wa doria alibeba rungu. Bastola chache zilifungiwa kituoni zikisubiri dharura. Mwaka 1966 serikali ilitangaza kuunganisha vikosi 117 vya Uingereza na Wales vibaki 49, na kwa maoni yangu hatua hiyo ina uzito kuliko tunavyoipa, kwa sababu kikosi kidogo cha manispaa hakikuwa na uwezo wa kufunza walenga shabaha wake.

Bi. Zuhura: Nakubaliana nawe, ila mafunzo yenyewe yalikuwa haba. Wengi wa walioruhusiwa kushika silaha walikuwa askari wa kawaida, wenye kazi nyingine, walioitwa pale tu ilipohitajika. Udhaifu huo ulijitokeza kwa uchungu Birmingham: mwaka 1980 polisi walimpiga risasi msichana mjamzito ambaye mhalifu alimfanya ngao, akafariki, na mwaka 1985, katika upekuzi wa alfajiri wa kumtafuta mtu mwingine, risasi ya askari ilimuua mtoto wa miaka 5 chumbani kwake. Haifai kuyapitia haraka mambo haya, maana ndiyo yaliyoifanya Wizara ya Mambo ya Ndani ichunguze upya namna ya kuwachagua na kuwafunza askari hao.

Msomaji wa Historia: Ni kweli, Bi. Zuhura, na baada ya hapo likaja suala la umbali. Tarehe 19 Agosti 1987, katika mji mdogo wa Hungerford, mtu mmoja aliwaua watu 16, akiwemo askari aliyefika bila silaha. Timu ya silaha ya polisi wa Thames Valley ilikuwa mazoezini umbali wa maili 40, na helikopta yao ilikuwa kwenye matengenezo. Kungoja timu ikusanyike kulikuwa kumeshindwa waziwazi, hivyo vikosi vikageukia magari ya doria yenye askari waliofunzwa. Hata hivyo, mwanzoni silaha zilikaa ndani ya sanduku lililofungwa garini, na askari walipaswa kupata idhini ya mkubwa wao kabla ya kulifungua.