Tupeane uzoefu: wakutubi wa vyuo, tunamfikiaje mwanafunzi asiyethubutu kuuliza?

Mkutubi_Makulu
Habari za kazi, wakuu. Vyuo vya hapa Dodoma vinapokea vijana wa kila namna: aliyesoma shule yenye maktaba, aliyezoea kabati moja la vitabu ofisini kwa mwalimu mkuu, asiyeona, kiziwi, mama mwenye mtoto mchanga. Anayeuliza huhudumiwa. Asiyeuliza huishia kwenye vimbweta na pasti pepa za kukopi hadi anahitimu. Leteni mbinu, na vipimo vyake.

Rafu_338
Anza na ziara ya mwaka wa kwanza. Kuwajaza 300 ukumbini mbele ya projekta hakusaidii. Gawa makundi ya 15, dakika 40, kila mmoja apewe namba ya kitabu akakilete chenyewe. Hapo utaona kinachowakwamisha: kwenye Dewey, yaani mfumo wa namba za kupanga vitabu kwa mada, 338.19 (upatikanaji wa chakula) hutangulia 338.9 (maendeleo ya uchumi), lakini mgeni anasoma "kumi na tisa" na "tisa", anakwenda kutafuta mwisho wa rafu. Hakioni, anadhani kimeazimwa, anaondoka kimya. Mfundishe kulinganisha tarakimu moja moja baada ya nukta: moja kwa tisa, basi. Wanafunzi wa mipango wanaishi kwenye 338, kwa hiyo jambo hili si dogo hata kidogo.

Dada_Kaunta
Kwa wasioona: skani kwa nukta 300 kwa inchi, kurasa zimelala sawa. Kitabu kinene kikipinda karibu na mshono, programu ya kutambua maandishi inameza mwisho wa mistari. Kurasa za safu mbili na majedwali huchanganyika, lazima mtu apitie kwa macho. Kisha weka vichwa vya habari kwa mitindo ya Word, usikoleze wino tu. Ndipo mwanafunzi wa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, ataweza kubonyeza NVDA na spesi, halafu H, akaruka sura hadi sura badala ya kusikiliza kurasa 200 kutafuta aya moja. Matini ya Kiswahili yakisomwa kwa sauti ya Kiingereza hayaeleweki; bonyeza NVDA+Ctrl+V, chagua Kiswahili ndani ya eSpeak, programu ya sauti ya NVDA.

Mkutubi_Makulu
Asante sana dada. Na jengo lenye ngazi tatu mlangoni, jumla kimo sm 45?

Fundi_wa_Rafu
Mkuu, uwiano wa kimo kwa urefu ni 1 kwa 12, kwa hiyo mteremko unataka mita 5.4. Mafundi wengi hupendekeza mita 2 kwa sababu nafasi ni ndogo. Kiti cha magurudumu kinapinduka nyuma. Pakikosekana urefu, pinda mteremko na kuweka jukwaa la kupumzikia katikati. Ndani, acha sm 90 kati ya rafu, na sm 150 mahali pa kugeukia. Usiweke makreti ya vitabu vilivyorudishwa kwenye njia hiyo, hata kwa saa moja.

Mtama_na_Uwele
Lugha nayo inawafukuza wengi. Kijana anatafiti mtama Chamwino, anaandika sentensi nzima kwenye kisanduku cha kutafutia makala, anapata sifuri. Mwache aeleze kwa Kiswahili, kisha toeni humo maneno matatu: zao, tatizo, mahali. Zao liandikwe kwa jina la kisayansi, *Sorghum bicolor*, kwa kuwa makala za nchi zote hulitumia. Uwele utafutwe kwa majina mawili, *Pennisetum glaucum* na *Cenchrus americanus*, la sivyo baadhi ya makala zinapotea. Na mkutubi asimsahihishe Kiingereza chake mbele ya foleni.

Dada_Kaunta
Niongeze kuhusu faini. Bumu (pesa ya mkopo wa mwanafunzi) likichelewa, mwenye deni haonekani tena maktaba mpaka siku ya klirensi, anapothibitisha hadaiwi ili ahitimu. Wekeni kikomo kisichozidi bei ya kitabu, na deni aoneshwe kwenye skrini au karatasi, lisitangazwe kaunta. Vitabu vinavyogombaniwa vitoke saa 11 jioni, virudi saa 3 asubuhi. Anayeishi mbali aruhusiwe kurudisha kupitia mwenzake.